Mshahara wa Nani Ubebe Kipaji Chako?

(Makala ya Pili)

Katika makala ya juma lililopita tulimtazama mwanafunzi aliye mbele ya mlango wa chuo, akishauriana na wazazi wake juu ya masomo atakayoyachukua. Leo tumtazame mtu aliyekwisha kuuvuka mlango huo, ambaye ana kazi au anaitafuta, ana kodi ya nyumba ya kulipa na wadogo zake wa kusomesha, walakini moyoni mwake imo kazi nyingine, ya kalamu, ya brashi, ya sauti au ya sindano, ambayo kila usiku humnyima usingizi. Mtu huyu husikia maneno mawili ya wahenga wetu, na yote mawili ni ya kweli: la kwanza humwambia kwamba kipenda roho hula nyama mbichi, na la pili humjibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Akilifuata la kwanza huogopa njaa. Akilifuata la pili huogopa kufika uzeeni na majuto.

Washauri hawapungui. Wapo wanaomhimiza aache ajira mara moja aifuate ndoto yake, ilhali hawajui chumba chake anakipanga kwa shilingi ngapi. Na wapo wazee wetu wanaomwambia atafute kazi ya serikali, akishike kiti chake mpaka siku ya kustaafu, na hayo mengine ayaweke kando kama michezo ya utotoni. Pande hizi mbili, ingawa hupingana katika kila jambo, zimekubaliana katika kosa moja, nalo ni kudhani kwamba uamuzi huu ni wa mtu mmoja peke yake. Mimi, baada ya kuzitafakari habari za watu waliopita katika mji wetu huu wa Dar es Salaam, na hasa katika mitaa ya Kariakoo na jirani zake, naona kwamba hakuna kipaji kilichokua hewani. Kila kipaji kilichostawi kilibebwa na mshahara wa mtu fulani: ama wa mwenyewe, ama wa rafiki, ama wa mke au mume, ama wa chama au shirika. Kwa hiyo mtu asijiulize tu kama afuate moyo au afuate ujira; ajiulize kwanza ni mshahara wa nani utakaokibeba kipaji chake, na kwa muda gani, na kwa ridhaa ya nani.

Tuanze na yule ambaye kipaji chake kilibebwa na mshahara wake mwenyewe. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akaletwa Dar es Salaam kutafuta elimu, akasoma katika shule ya Msimbazi kuanzia 1922 hadi 1926. Alipohitimu hakujitangaza kuwa mshairi wala hakungoja mfadhili, bali aliingia Idara ya Forodha akawa karani, na huko alikaa mpaka 1944, yaani miaka kumi na minane ya madaftari na mihuri. Baada ya hapo alihamia idara ya wanyamapori, kisha akaenda kufanya kazi katika ofisi ya serikali huko Tanga, na kuanzia 1952 alikuwa katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Sasa zitazame tarehe za vitabu vyake: Kusadikika kilitoka 1951, Adili na Nduguze 1952, Kielezo cha Insha 1954. Vyote hivyo vilitoka wakati mwandishi wake akihesabiwa miongoni mwa makarani, akiamka asubuhi kwenda ofisini kama makarani wengine. Mshahara haukumzuia kuandika. Ulimnunulia karatasi na mafuta ya taa, ukawalisha mke na watoto wake, naye akaipata faragha ya nafsi ambayo mwenye njaa haipati.

Wala ujira huo haukuinunua dhamiri yake, na jambo hili lastahili kukumbukwa na kila mtumishi anayejitetea kwamba ajira imemfunga mdomo. Kusadikika ni kitabu kinachoshitaki utawala unaowafunga watu bila kuwasikiliza, nacho kiliandikwa na mtu aliyekuwa akilipwa na serikali ya kikoloni. Shaaban Robert alitoa saa zake za kazi kwa uaminifu, akazipokea fedha zake kwa uaminifu, na mawazo yake hakuyatia katika mapatano hayo.

Tena lipo jambo la kuzingatiwa zaidi. Katika Utubora Mkulima, kitabu kilichochapishwa 1968, miaka kadhaa baada ya mwandishi kufariki dunia mwaka 1962, Shaaban Robert anatusimulia habari za kijana Utubora, ambaye aliiacha kazi nzuri kwa tajiri mmoja wa Unguja akaenda kijijini Busutamu kushika jembe, kwa kuwa moyo wake uliipenda kazi ya shamba kuliko kazi ya ofisi. Msomaji mwepesi atasema kwamba mwandishi alihubiri jambo asilolitenda, maana yeye mwenyewe hakuuacha utumishi ili akalime au akaandike tu. Lakini Utubora alikuwa mseja alipofunga safari, ilhali aliyemtunga alikuwa na nyumba iliyojaa watu wanaomtazama yeye. Hekima moja iliamua mambo mawili tofauti kwa sababu mizigo ya watu wale wawili haikulingana. Mwenye kujitegemea peke yake aweza kuthubutu zaidi, na aliye tegemeo la wengine hana haki ya kuihatarisha shibe yao bila kuwauliza.

Sasa tuje kwa aliyeuacha mshahara wake kweli. Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na wakati huohuo alikuwa rais wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyokuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja. Mwezi Machi 1955, aliporejea kutoka New York alikozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague moja kati ya ualimu na siasa, naye akajiuzulu ualimu. Kisa hiki husimuliwa kila mara kuwa ni cha shujaa mmoja aliyeupa mgongo ujira. Ushujaa wake hauna shaka. Lakini yeye alikuwa na mke na watoto wadogo, na mtu wa namna hiyo hawezi kuishi kwa hotuba. Miongoni mwa waliompokea na kumfungulia milango yao Kariakoo ni Abdulwahid Sykes, ambaye naye alikuwa mmoja wa waasisi wa chama, na ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ni mkuu wa soko la Kariakoo, kazi yenye ofisi, hesabu na mshahara. Hata baba yake, marehemu Kleist Sykes, alikuwa mtumishi wa reli wakati yeye na wenzake walipokiasisi chama cha African Association mwaka 1929.

Tutafakari maana ya habari hiyo. Mmoja aliacha mshahara; mwingine alibaki nao, na kwa kubaki nao akaweza kuwa na nyumba, na chakula cha wageni, na nauli ya dharura. Historia humpigia makofi aliyeondoka, nayo haikosei. Lakini lau wote wangaliondoka siku moja, nani angalimkaribisha mwenzake? Nyuma ya kila aliyeacha mshahara yupo aliyebaki nao. Kwa hiyo mtu anayekaa katika ajira yake na kwa fedha zake akamshika mkono mwenye wito hapaswi kujiona mwoga. Yeye pia ameufuata wito ule, ila kwa njia nyingine.

Kadhalika alikuwa Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyezaliwa 1932 akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Alifanya kazi nyingi za ujira mdogo, za nyumbani kwa watu na za hospitalini Muhimbili, na mnamo 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao nyembamba, kwa sababu vifaa vya wachoraji waliosoma hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na mkewe ndiye aliyekaa nazo akingoja wateja. Alifariki mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya uchoraji. Lakini jamaa aliowafundisha waliendelea, na leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya uchoraji inayotambulika duniani. Mkono ulikuwa wake, lakini wanafunzi wake walikuwa ndugu zake, na aliyekaa juani kutafuta mteja alikuwa mkewe.

Ikiwa mfano wa kwanza ni wa mshahara wa mtu mwenyewe, na huo wa pili na wa tatu ni wa rafiki na wa jamaa, uko wa nne ambao nchi yetu iliujaribu kwa namna ya pekee, nao ni mshahara wa shirika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wanaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Vyombo vilikuwa vya chama, na kazi yao ilikuwa kupiga muziki. Mashirika mengine yakafuata, hata katika miaka ya 1980 bendi ya Mlimani Park ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, lile DDC ambalo ukumbi wake wa Kariakoo ulijulikana na kila mpenda dansi. Katika utaratibu huo kijana mwenye sauti hakulazimika kuchagua kati ya moyo wake na chungu chake cha jikoni. Hakuna ajabu kwamba zama hizo zimeacha nyimbo ambazo mpaka sasa husikika kila palipo na redio.

Lakini utaratibu huo ulikuwa na upungufu, na upungufu wake tunauona katika maisha ya Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwamo katika NUTA Jazz tangu mwanzo wake na ambaye sauti yake iliimba kwa zaidi ya miaka hamsini. Mshahara ulimlipa kwa mwezi aliofanya kazi. Wimbo, ambao uliendelea kupigwa miaka na miaka baada ya mwezi ule kwisha, haukumletea malipo ya kumtosha. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013, nchi ilisikia kwa masikitiko kwamba mzee huyu hakuwa amewahi kumiliki gari, na msanii kijana, Diamond Platnumz, akamkabidhi gari la zawadi. Alifariki mwezi Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ihsani njema ya mtoto kwa baba, nasi tunaishukuru. Lakini mzee aliyeimbia taifa zima hakustahili kungoja ihsani ya mtu mmoja kwa jambo lililokuwa haki yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tuliipata mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi za zama zile zilikuwa zimekwisha kuchezwa mara zisizohesabika.

Tuyaache ya zamani, tuje katika Kariakoo ya leo, maana huko ndiko vijana wetu wengi, wenye shahada na wasio nazo, wanakoamulia jambo hili kila siku ya Mungu. Nyuma ya Mtaa wa Uhuru, mahali panapouzwa vitambaa, kuna kibaraza ambapo nimezoea kupumzika, na juu ya kibaraza hicho yuko mama mmoja fundi wa cherehani. Mchana kutwa hushona kwa bei ya kipande kimoja kimoja: hupinda mapazia, hupunguza suruali, hutia zipu, na ikifika Desemba na Januari cherehani yake haina nafasi ya kitu kingine ila sare za shule. Lakini chini ya meza, ndani ya mfuko safi uliofungwa kwa utepe, huweka gauni ambalo huliunganisha taratibu kwa masalio ya vitenge, rangi kwa rangi, kwa ufundi ambao sijauona katika maduka makubwa. Nilimwuliza, “Mama, gauni hili la nani?” Akanijibu bila kuinua macho, “Langu, mwalimu. Sare ndizo zinazolinunulia uzi.” Mama yule amelitatua jambo hili, akaendelea na kazi yake.

Mbali na hapo hatua chache, katika msongamano wa Mtaa wa Congo, wako vijana wanaoitwa mawinga, wasio na duka wala bidhaa, ambao humpokea mteja, humtembeza duka hadi duka, na juu ya bei ya mwenye mali huweka cha juu chao. Wengine katika hao ni wahitimu wa vyuo, na wako wanaoandika tamthilia, wanaochora, wanaopiga picha. Nao siku nyingine hupata fedha ambazo karani hazioni kwa juma zima. Shida yao ni ya namna nyingine: kazi ile huanza kabla jua halijapanda na huisha mitaa ikiwa giza, miguu imechoka, sauti imekauka, na simu haiachi kulia, mtu akifika nyumbani hana tena nguvu ya kushika kalamu. Kumbe mshahara hupimwa kwa shilingi, na hupimwa pia kwa masalio ya siku. Karani wa Forodha alikuwa na jioni yake, na fundi wa kibarazani ana masalio yake ya vitenge na ya saa. Lakini winga ameuza siku nzima pamoja na usiku wake. Mwenye kipaji akitafuta ajira, na aulize saa za kazi kwa bidii ileile anayouliza fedha. Na ikiwa hali yake inamruhusu, achague ajira yenye ujira wa wastani inayomwachia akili na jioni, kuliko ile inayomlipa zaidi na kumrudisha nyumbani akiwa mtupu.

Baada ya hayo, yafaa kusema lini mtu aweza kuondoka, maana wapo ambao wakati wao umefika kweli. Katika mji huu kipimo tunacho, nacho tumepewa na wenye nyumba, ambao hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Asiyeweza kuweka kodi ya miezi sita mbele, pamoja na chakula cha wanaomtegemea, bado siku yake haijafika. Na aendelee na sare zake huku akishona gauni lake. Kama yumo katika upatu, au mchezo kama tunavyouita siku hizi, zamu yake ikifika na ainunue cherehani, au kamera, au chombo kingine cha kazi, wala asiile fedha ile katika sherehe. Na ahesabu kwa ukweli. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Lakini aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa deni, na deni hilo halifutiki kwa kuacha ajira. Aliyejiajiri hana mwajiri wa kumchangia uzeeni. Basi na ajiandikishe mwenyewe katika NSSF, ambayo hupokea michango ya waliojiajiri, aweke kidogo kidogo tangu mwezi ule wa kwanza wa uhuru wake, ili watoto wetu wasije wakachangishana kwa ajili ya mafundi wao wazee.

Lakini hesabu hizi zote zisifanywe gizani. Nimeona nyumba zilizoharibika kwa sababu mume aliacha kazi akamwambia mkewe baada ya mwezi mmoja, na nimeona binti aliyefungiwa kipaji chake kwa sababu nduguze walitaka mshahara wake wote bila kumwuliza anataka nini. Makosa haya mawili ni ndugu. Aliye na wito anadaiwa ukweli kwa wale wanaokula mkononi mwake. Na wale wanaokula mkononi mwake wanadaiwa kumwachia sehemu ya siku, na sehemu ya mapato yake, kwa ajili ya kazi ambayo Mungu amemtilia moyoni. Palipo na mashauriano, hata miaka mitano ya kungoja si jela. Pasipokuwa na mashauriano, hata uhuru hugeuka ugomvi.

Alhasili, hukumu yangu ni hii: usiuache mshahara kabla hujajua mshahara gani utakaoshika nafasi yake, na usikiache kipaji kwa sababu tu una mshahara. Nawe uliye na ajira nzuri, ambaye umeridhika nayo, usidhani kwamba makala hii haikuhusu. Fundi akikutajia bei ya kazi ya mikono yake, mlipe bila kumkata kwa kisingizio cha udugu. Kitabu cha mwandishi wetu kinunue, usikitoe nakala. Na mwanamuziki akipiga katika harusi yako, mpe ujira wake kabla hujawalipa wapambaji. Mshahara wako waweza kuwa ndio unaombeba Shaaban Robert wa zama hizi, nawe hujui.

Juma lijalo, inshallah, tutaieleza hakimiliki: ni nani anayelipwa wimbo upigwapo redioni, na mwenye wimbo aifuate wapi haki yake.

Itaendelea.